Leso ya Karani Muhidin

Mwaka ule wa themanini na nane, mtu mwenye kesi Malindi alikuwa na mahakimu wawili. Wa kwanza ni wa serikali, aliyekaa ndani chini ya panka. Wa pili alikaa ng'ambo ya barabara, kibarazani kwa Mahdi fundi cherehani, kofia imenyooka, kikombe cha kahawa mkononi. Huyu wa pili hakulipwa, hakuapishwa, wala hakuombwa na mtu. Jina lake Muhidin bin Muhdhar, karani wa korti mstaafu. Ukimkuta anazungumza, usingoje amalize. Kaa chini kabisa.

Kazi yake ilikuwa kuzichambua hukumu. Hakimu akisoma ndani, watu wakitoka nje wameduwaa, hawajui kama wameshinda au wameshindwa, walivuka barabara wakaenda kwa Muhidin. Naye aliwaeleza neno kwa neno: hapa hakimu kasema hivi, hapa kakwepa, hapa kateleza, hapa pana rufaa ukitaka. Miaka thelathini ya ukarani ilikuwa kichwani mwake, na isiyokuwa kichwani ilikuwa katika madaftari ishirini na mawili aliyoyaandika kwa mkono wake. Kila kesi iliyompendeza aliinakili, na pembeni, kwa penseli nyekundu, akatoa maoni yake. "Sawa." "Hapa pamelegea." "Huyu hakimu alikuwa na njaa."

Hayo yangetosha kwa mtu wa kiasi. Lakini Muhidin na kiasi ni maji na mafuta. Tangu astaafu alikuwa na mchezo mwingine: kuitabiri hukumu kabla haijatoka. Kwa miaka miwili hakukosea hata mara moja, na sifa zikamlevya.

"Hakimu mtazame kama unavyomtazama fundi," alikuwa akisema, akimwonyesha Mahdi kwa kidole. "Ona anavyokata leo, utajua kesho atakushonea nini. Hapana ghaibu hapa. Ni kusoma tu."

Basi siku hiyo, Jumatatu asubuhi, wazee wakamuuliza juu ya kesi ya minazi ya Dabaso. Hakimu wake alikuwa mgeni, mwanamke wa Ukambani, Bi Mueni, hana hata mwaka mjini.

"Hiyo si kesi," alisema Muhidin. "Hiyo imekwisha. Karisa wa Vitengeni kanunua shamba, na hati ya mauzo anayo. Yule mama anadai minazi iliyo ndani. Sheria ya kitabu yasema kilichoota ardhini ni cha mwenye ardhi. Na Bi Mueni nimemsoma. Kesi kumi na moja za mashamba kaamua, zote kumi na moja kampa mwenye karatasi. Huyu hahukumu kwa machozi. Mama atashindwa, na Karisa ataikata minazi yake yote apande mikorosho."

Mahdi akasimamisha cherehani. "Na ukikosea je?"

"Mimi?"

"Wewe. Kwani wewe malaika?"

Lo! Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Muhidin aliweka kikombe chini, akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Nikikosea mimi, Muhidin bin Muhdhar, nitavaa leso kama mwanamke. Moja nitajifunga, moja nitajitanda, nitoke hapa kibarazani mpaka sokoni, mchana kweupe, kila mwenye macho anione!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Kisha wakanyamaza mmoja mmoja, maana mwisho wa baraza, karibu na mtungi wa maji, alikuwa amekaa mwanamke wa Kigiriama aliyeingia kupumzika kivulini baada ya kuambiwa kortini arudi Alhamisi. Alikuwa wa rika lake Muhidin. Alikuwa amesikia kila neno.

"Bwana karani," alisema, "mimi ndiye huyo mama. Naitwa Kadzo."

Muhidin alitamani ardhi ipasuke. "Karibu, mama. Samahani. Haya ni mazungumzo ya baraza tu."

"Si kitu. Umesema unavyojua." Kadzo hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Muhidin zaidi. "Nataka kuuliza neno moja. Marehemu mume wangu, Dena, alipanda minazi saba. Kila nilipozaa, alipanda mmoja, na kitovu cha mtoto akakizika chini yake. Ngala, Kahindi, Mapenzi, Sidi, Mbeyu, Kazungu, Jumwa. Nduguye mume wangu ndiye aliyeuza shamba. Sawa, shamba lilikuwa lake. Watoto sita ni wazima, wana nyumba zao. Lakini Mbeyu alichukuliwa na surua akiwa na miaka sita. Hana picha. Hana cheti. Hakuna mahali popote alipoandikwa. Kaburi lake mvua ya mwaka wa sitini na moja ilililaza, hata sijui lilikuwa wapi. Nina ule mnazi wa tano tu. Sasa nataka kujua, sheria ya kitabu inasema nini juu ya huo?"

Muhidin aliivua kofia, akaivaa tena. Alisema atafikiri. Kadzo akashukuru, akanywa maji, akaenda zake.

Muhidin hakunywa kikombe cha pili siku hiyo. Kuna kitu kilikuwa kimemgusa, na si huruma peke yake. Kitovu. Minazi. Dabaso. Alikuwa amewahi kuyaandika maneno hayo.

Alifika nyumbani kabla ya adhuhuri, mkewe akashtuka. "Baba Muhdhar! Unaumwa?"

"Daftari la tisa liko wapi, Zuleikha?"

Zuleikha alikuwa akikaanga bajia za kuuza. Aliangalia kikaango, akaangalia dari. Muhidin akaangalia karatasi zilizokunjwakunjwa kando ya jiko.

"Usiniambie."

"La tatu ndilo nililofungia bajia," alisema Zuleikha upesi. "Na la tatu lenyewe lilikuwa limeliwa na mende. La tisa liko sandukuni, salama. Kwani nini?"

Alilifungua akiwa bado amesimama. Mwaka wa hamsini na saba. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, karani mpya katika korti ya wazee iliyokuwa ikikaa huko Dabaso wakati wa mkoloni. Kesi ilikuwa kama hii hasa: shamba limeuzwa, minazi imegombewa. Wazee waliamua hivi, naye aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Aliyepanda ana mti, mwenye shamba ana kivuli. Mnazi wa kitovu hauuzwi na shamba, wala mwenye shamba hatamzuia aliyepanda kuuendea.* Na pembeni, kwa penseli nyekundu, maneno makubwa yaliyopigiwa mstari mara mbili: *UPUUZI MTUPU!*

Alikaa kitako sakafuni. Zuleikha akaja, akasoma juu ya bega lake, akaguna. "Ulikuwa na adabu tangu ujana."

"Nilikuwa nimetoka kusoma sheria ya Kizungu kwa barua," alisema Muhidin. "Niliona wazee hawajui kitu." Akashika kichwa. "Zuleikha, faili lenyewe la kesi hii liliisha kwa mchwa mwaka wa sabini. Nililitupa kwa mikono yangu. Hakuna nakala nyingine duniani. Nikikaa kimya, yule mama atashindwa kama nilivyosema. Nikilipeleka..."

"Utavaa leso," alimalizia Zuleikha.

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima umeniambia. Muuza samaki kaniuliza utavaa rangi gani." Alirudi kwenye kikaango chake, akapindua bajia. "Nami nilimjibu, mume wangu nyekundu haimpendezi."

Muhidin alimtazama mke huyo, naye kicheko kikamtoka bila kutaka. Alicheka hapo sakafuni mpaka kofia ikaanguka. Alipoiokota alikuwa ameshaamua. Ila usidhani aliamua kwa raha. Mpaka Alhamisi alikuwa akilifungua daftari na kulifunga tena.

Siku hiyo korti ilijaa. Nusu walikuja kwa ajili ya minazi na nusu kwa ajili ya leso. Karisa, mwenye duka Vitengeni, alikaa mbele na wakili wake kutoka Mombasa, Bwana Thuku, suti nyeusi, miwani mikubwa. Kadzo alikaa peke yake, mikono mapajani. Alipoulizwa kama ana shahidi, alisema hana.

"Anaye!" ilisikika sauti kutoka nyuma. Muhidin alikuwa amesimama, daftari kifuani kama mtoto mchanga.

Aliingia kizimbani, kizimba kilekile alichokuwa akikifuta vumbi zamani, akaapa kwa Msahafu. Akaisoma kesi ya hamsini na saba tangu mwanzo hadi mwisho. Akaeleza alivyokuwa karani, alivyoandika siku ileile, na mchwa walivyofanya. Bi Mueni aliandika, kalamu haisimami, na uso wake haukusema kitu.

Kisha akasimama Bwana Thuku, anatabasamu. "Bwana Muhidin, ni kweli kwamba Jumatatu ulitangaza hadharani kuwa huyu mama atashindwa?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo wewe mwenyewe huiamini kesi hii."

"Jumatatu sikuiamini."

"Hebu nipe daftari." Wakili alilipokea, akalichungulia, nyusi zikapanda juu ya miwani. "Mheshimiwa, pembeni mwa hukumu hii shahidi ameandika maoni. Naomba ayasome mwenyewe, kwa sauti."

Muhidin alikohoa. Aliangalia dari. Aliangalia Mahdi aliyekuwa amejipenyeza dirishani. "Imeandikwa... 'Upuuzi mtupu.'"

Korti iliangua kicheko. Askari aliyetakiwa kunyamazisha watu naye aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Kadzo peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Muhidin, akingoja.

"Kimya!" alisema Bi Mueni. Kisha akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. "Bwana Muhidin, nasikia hapo ng'ambo unazichambua hukumu zangu. Nieleze. Mwaka wa hamsini na saba wazee walisema upuuzi. Leo si upuuzi tena. Kilichobadilika ni nini?"

"Wazee hawakubadilika, Mheshimiwa. Ni mimi. Wahenga wamesema mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wangu ndio huu." Watu wakacheka tena, lakini safari hii kwa upole. "Nilikuwa kijana, nikadhani sheria ni ile tu iliyotoka mbali, imechapwa, ina jalada. Wazee walikuwa wameshika kitu kilichokuwa miguuni pao, nami sikukiona. Na kuhusu hukumu zako, pia nilikosea. Nilisema umewapa wenye karatasi mara kumi na moja kwa kuwa unapenda karatasi. Juzi nimekaa nikazisoma upya. Katika zote kumi na moja, hakuna hata mmoja aliyekuletea kitu kingine. Hakimu hawezi kuamua kwa kile ambacho hakuna mtu aliyekiweka mezani. Mimi nilikuwa nacho sandukuni, na nikakaa barabarani nikimcheka asiyekuwa nacho."

Bi Mueni aliichukua tena kalamu. Kisha akasema, "Nataka kuiona hiyo minazi. Kesho saa tatu, korti itakaa Dabaso."

Basi Ijumaa asubuhi serikali ikahamia shambani, meza ya kukopa na kiti cha kukopa. Kadzo alipofika alisimama, akawaamkia watu kwa jinsi ya kwao: "Taireni!" Na Wagiriama wote waliokuwapo, pamoja na Karisa, wakaitikia kwa pamoja, "Za Mulungu!" Karisa aliitikia kwa nguvu kuliko wote, kisha akamwangalia wakili wake kwa aibu kidogo. Bi Mueni akaandika jambo.

"Katika ile kesi ya zamani," alisema hakimu, "wazee walimgeuza mdai akaipa minazi mgongo, wakamwambia aieleze. Tufanye hivyo. Bwana Karisa, anza wewe. Hii minazi ni yako, wasema. Geuka, unieleze."

Karisa akageuka. "Ni minazi," alisema. "Mirefu. Ina... ina majani." Watu wakaanza kucheka. "Iko minane!" aliongeza, akitafuta pa kushika. Ilikuwa saba.

Kadzo akageuka. Hakufumba macho, aliangalia tu upande wa baharini, mikoko ilikokuwa. "Wa Ngala una alama za kukwea upande mmoja, kwa sababu aliyekuwa akiukwea alikuwa wa mkono wa kushoto. Wa Kahindi umeinama. Kahindi mwenyewe alichelewa kutembea. Wa Mapenzi una madafu matamu kuliko yote, lakini machache. Wa Sidi uliwahi kupigwa na radi, kovu liko nyuma. Wa tano, wa Mbeyu..." Alijipima kifuani kwa kiganja. "Wa Mbeyu, ukipandisha mkono mpaka urefu wa kifua changu, pana mikato sita. Baba yake alikuwa akimpima kila mwaka. Mkato wa saba hakuuweka."

Bi Mueni alinyanyuka kitini, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mnazi wa tano, akaweka mkono. Alihesabu kwa kidole. Hakusema ni mingapi, lakini alitoa kitambaa mkobani akajipangusa uso, na ilikuwa bado asubuhi, hakuna joto la kumtoa mtu jasho. Karisa alivua kofia.

Hukumu ilisomwa Jumatano iliyofuata. Kurasa tisa! Bi Mueni alieleza kwamba sheria ya kitabu anaijua, na kweli yasema kilichoota ardhini ni cha ardhi. Lakini sheria hiyohiyo humtaka hakimu, pande mbili zikiwa za mila moja, aiangalie mila hiyo maadamu haina dhuluma. Alisema Bwana Karisa ni mtu wa mila hiyo, maana kuitikia kwake korti ilikusikia. Mauzo yalikuwa ya shamba. Minazi saba ya kitovu haikuuzwa na haikuweza kuuzwa. Isikatwe, na Kadzo asizuiwe kuiendea. Na juu ya shahidi alisema hivi: "Korti haikuyazingatia maoni yaliyoandikwa pembeni kwa penseli nyekundu, na inamshauri mwandishi anunue kifutio."

Masalale! Vifijo vilivyotoka hapo viliwatoa njiwa paani. Wanawake wa Dabaso waliingia na vigelegele mpaka mlangoni, na askari akakata tamaa, akafungua mlango wote. Hata Karisa alimfuata Kadzo nje, akamwambia, "Mama, laiti ungenieleza tangu mwanzo. Nitapanda mikorosho kule chini. Kivulini nitakaa mimi."

Ng'ambo ya barabara, Mahdi alikuwa tayari. Cherehani imefunikwa, na juu yake leso mpya mbili, za kijani na nyeupe, zimekunjwa. Zuleikha alikuwa amezichagua mwenyewe. Jina la leso, lile lililochapwa pindoni, lilisema: MJUAJI WA YOTE NI MOLA.

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama," alisema mzee mmoja kwa kicheko.

"Muungwana huyu atavishwa," alijibu Muhidin. Alivua kofia, akaibusu, akampa Mahdi. Kadzo ndiye aliyemfunga leso ya kiuno, akakaza fundo kama anayemfunga bibi harusi, na ya pili akamtanda kichwani. "Usitembee kama karani," alimwonya. "Tembea kwa madaha."

Akatembea kwa madaha. Wallahi, mji haujasahau. Kutoka kibarazani mpaka sokoni, jua la saa sita, Muhidin bin Muhdhar alipita akitikisa mabega, mkono mmoja umeshika ncha ya leso, wanawake nyuma na vigelegele, wazee na bakora zao, wauza samaki wakigonga mizani. Muuza samaki mmoja alipaza sauti, "Kijani imekupendeza!" Na inasemekana dirisha la ofisi ya hakimu lilifunguka kidogo wakati msafara unapita, ingawa mimi sikuliona.

Sokoni Kadzo alimkalisha juu ya gunia, akampa dafu. "La mnazi wa tano," alisema. "Nimelitungulisha asubuhi, kabla ya hukumu. Nilisema likiwa la kwanza la ushindi au la mwisho, utalinywa wewe."

Muhidin alilinywa lote. Kadzo akatoa kifuani nakala ya hukumu, kurasa tisa zenye muhuri, iliyoandikwa kwa Kiingereza. "Mimi sijui kusoma. Nisomee."

"Yote?"

"Pale alipotaja minazi."

Akafunua ukurasa wa nane, akausoma akiugeuza kwa Kiswahili. *Minazi iliyotajwa ni hii: wa kwanza, uitwao Ngala. Wa pili, uitwao Kahindi. Wa tatu, uitwao Mapenzi. Wa nne, uitwao Sidi. Wa tano, uitwao Mbeyu, binti Dena na Kadzo, aliyeishi miaka sita.*

"Umeandikwa hivyo?"

"Umeandikwa hivyo. Na muhuri wa serikali chini."

"Wapi? Nionyeshe lile jina."

Akamwonyesha. Kadzo aliweka kidole juu ya herufi tano, akakiacha hapo. Soko lilikuwa na kelele, na waliokuwa karibu walisogea waone.

Mahdi, asiyejua kunyamaza, aliuliza, "Haya, karani, tufafanulie basi. Maoni yako?"

Muhidin aliivuta leso ikamfunika vizuri kichwani, akajipangusa macho kwa ncha yake.

"Leo sina maoni," alisema.

"Basi isome tena," alisema Kadzo.

Akaisoma tena.